Jani la Mgomba, Gunia la Mkaa na Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta



Jumamosi moja ya Kwaresima tulitumwa mafrateri watatu kwenda Majengo, kwenye jumuiya ndogo ndogo, kuzungumza juu ya utunzaji wa mazingira. Tulijiandaa kama waseminari wanavyojiandaa. Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 tulikuwa tumeupigia mistari, na mifano tuliigawana njiani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwenzetu mmoja, aliyesoma PCB kidato cha tano na cha sita, alipogusia kwamba wapo wataalamu wanaojaribu kutengeneza jani la bandia: kifaa kinachochukua jua na maji na kutoa nishati, kama jani la mgomba linavyofanya.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Jani ameliumba Mungu. Na hilo nalo mnataka kumnyang'anya?" Kabla hatujajibu, mama mmoja anayeuza mkaa pale mtaani, kwa sado na kwa gunia, akadakia: "Frateri, mimi sina ugomvi na jani. Ila hilo la kwenu likianza kuivisha maharage, mkaa wangu nitamuuzia nani?"

Watu walicheka, na sisi tukacheka. Tukatoa majibu mawili ya haraka, tukanywa chai, tukaaga. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu ndipo tukaona kwamba hatukumjibu hata mmoja. Mzee tulimwambia kuwa sayansi na imani havigombani, jambo ambalo hakuuliza. Mama tulimwambia asiwe na wasiwasi, na hilo hatukuwa na haki ya kulisema. Makala hii ni deni letu kwa wote wawili. Lakini tumeiandika pia kwa ajili yetu wenyewe hapa seminarini, maana tuna dai letu nasi, na tutalifikia.

Tuanze na gunia. Mkaa uliomo ndani yake hautokani na udongo. Mti huchota maji na madini kidogo ardhini, lakini kaboni inayofanya shina, tawi, na baadaye mkaa, hutoka hewani. Katika kila sehemu 10,000 za hewa, hewa ya ukaa ni kama sehemu 4 tu. Jani huzikamata hizo sehemu chache na kuziunganisha na hidrojeni iliyotoka kwenye maji, likitumia mwanga wa jua. Mama anapofungua gunia lake anauza jua la miaka mingi. Na ni jua lililopotea sana njiani. Mazao na miti kwa kawaida huhifadhi kama asilimia moja ya nguvu ya jua inayoyaangukia. Kisha tanuri la udongo la mchoma mkaa hupokea kilo 100 za kuni na kutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Kisha jiko lenyewe humwaga joto pembeni. Kinachofika chini ya sufuria ni chembe ya chembe.

Kwa hiyo mtu anayeuliza kama tunaweza kufupisha safari hiyo, kutoka jua hadi sufuria, hafanyi kiburi. Anafanya hesabu ambayo kila mama wa Majengo huifanya anapochagua jiko.

Kwa mzee wetu tungependa kuongeza historia kidogo, kwa sababu inafurahisha. Siri ya jani ilifunuliwa kwa sehemu kubwa na watu wa madhabahu na mimbari. Mwaka 1771 Joseph Priestley, mhubiri wa Kiprotestanti wa Uingereza, aliweka kitawi cha mnanaa ndani ya chombo cha kioo ambamo mshumaa ulikuwa umeshazimika kwa kuharibu hewa. Siku kadhaa baadaye mshumaa ukaweza kuwaka tena humo ndani. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mkatoliki mzaliwa wa Breda, akaonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani za mmea, tena penye mwanga tu. Mwaka 1782 Jean Senebier, mchungaji wa Geneva, akaonyesha kwamba jani linahitaji hewa ya ukaa ili kufanya kazi hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedhani anamnyang'anya Mungu kitu. Sisi tunaosali kila siku juu ya mkate na divai, vitu viwili ambavyo bila jani visingekuwepo mezani, tuna sababu zaidi ya wao ya kutaka kujua.

Sasa jambo lenyewe. Ndani ya jani kuna rangi ya kijani, klorofili, ambayo vitabu vyetu vya shule ya msingi huiita umbijani. Molekuli moja ya klorofili ya aina ya kwanza ina atomu 137: kaboni 55, hidrojeni 72, oksijeni 5, nitrojeni 4, na katikati, kama taa ya tabernakulo, atomu moja ya magnesiamu. Mwanga unapoigonga, elektroni moja hupandishwa ngazi na kupokezwa kwa jirani. Hapo mmea unabaki na pengo, na lazima lizibwe kwa elektroni kutoka mahali fulani. Jani huzichukua kwenye maji.

Hapo ndipo pagumu. Maji ni kitu kilichoshikamana sana, wala hayaachi elektroni zake kwa kuombwa. Jani huyalazimisha kwa kutumia kifundo kidogo ajabu cha manganizi 4, kalsiamu 1 na oksijeni 5, kilichofichwa ndani ya protini kubwa iitwayo Fotosistimu ya Pili. Kifundo hicho hupokea mapigo ya mwanga moja moja, kama mtu anayeweka akiba kwenye kibubu. Likifika pigo la nne, molekuli mbili za maji zimekwisha kuvunjwa, na molekuli moja ya oksijeni inatoka. Pumzi unayoivuta ukisoma sentensi hii imetoka huko. Mgomba ulioko nyuma ya nyumba Kibosho, muwa wa mashamba ya TPC Arusha Chini, mwani wa Pangani, mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika, ule wa mita 81.5 ulioko kwenye bonde la mlima wetu huu, vyote vinatumia kifundo kilekile cha manganizi. Hatujasikia jambo la kutafakari katika mafungo lililo zito kuliko hilo, na tumeshahudhuria mafungo kadhaa.

Mpaka mwaka 2011 hakuna aliyekuwa amekiona kifundo hicho vizuri. Mwaka huo watafiti wa Kijapani walipiga fuwele za protini hiyo kwa miale ya eksirei na kupata picha iliyoonyesha atomu moja moja. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini watu wa kemia ya kompyuta walipochukua vipimo vya picha ile na kuvikokotoa, wakaona havikai sawa. Nafasi kati ya manganizi na oksijeni zilikuwa ndefu mno kuliko hesabu zinavyoruhusu. Wakasema: miale yenyewe imekiharibu kifundo wakati wa kupiga picha. Mwaka 2015 picha mpya ikapigwa kwa mwale mfupi sana, unaomaliza kazi kabla uharibifu haujaanza, na nafasi zikatoka fupi zaidi. Tunaupenda mfano huu kwa sababu wengi hudhani kompyuta hufuata tu nyuma ya maabara ikitia rangi michoro. Hapa hesabu ilitilia shaka picha, na hesabu ikawa na haki.

Lakini inakokotoa nini hasa? Kanuni za kwantamu zinazoongoza elektroni zimejulikana tangu miaka ya 1920. Tatizo ni kuzitatua. Klorofili moja tu ina elektroni 482, na kila moja inazisukuma nyingine zote kwa wakati mmoja. Hakuna kompyuta itakayomaliza hesabu hiyo kwa ukamilifu. Kwa hiyo sanaa ya kemia hii ni kujua unachoweza kuacha bila kuupoteza ukweli. Mwaka 1964 na 1965 Walter Kohn na wenzake walionyesha kwamba si lazima umfuate kila mmoja; inatosha kujua msongamano wa elektroni mahali kwa mahali. Ni kama kutaka kujua hali ya soko la Memorial siku ya mnada. Unaweza kumfuata kila mnunuzi kutoka kibanda hadi kibanda, nawe utachoka. Au unaweza kusimama mahali pa juu ukaangalia watu wamejazana wapi na wapi ni peupe. Kohn alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Hatua ya pili ilitunukiwa mwaka 2013, kwa Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel. Protini ina maelfu ya atomu, na hata msongamano wake wote ni mzigo. Wao walisema: pale kemikali zinapovunjika na kuungana, tumia sheria ngumu za kwantamu, sehemu zinazozunguka, zitazame kama gololi zilizounganishwa kwa springi. Leo karibu kila kazi kubwa ya hesabu juu ya jani hupita njia hiyo.

Tusiipambe kupita kiasi. Mbinu ya msongamano ina udhaifu unaojulikana, na bahati mbaya udhaifu huo unakaa palepale tunapoihitaji: kwenye metali kama manganizi, na kwenye molekuli iliyokwisha kupigwa na mwanga. Wakokotoaji wawili wakichagua makadirio tofauti wanaweza kupata majibu tofauti, na juu ya hatua ya mwisho, yaani jinsi oksijeni mbili zinavyoshikana kabla ya kutoka, mabishano bado yapo. Tunalisema hili kwa wale wanaodhani kompyuta ni mganga wa kupiga ramli. Ni msaidizi anayekosea, naye hukosea kwa utaratibu. Mwenye kujua tabia yake anajua amsadiki wapi.

Sasa jani la bandia. Wazo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1912 Giacomo Ciamician, mkemia wa Bologna, alihutubia wenzake New York akiota viwanda visivyo na moshi katika nchi kavu zenye jua, vikifanya kazi ambayo mimea huifanya. Mwaka 1972 Wajapani Fujishima na Honda walichapisha kwamba titani oksaidi, unga mweupe uleule uliomo kwenye rangi za ukutani, ukipigwa mwanga ndani ya maji unaweza kuyagawa kuwa hidrojeni na oksijeni. Mwaka 2011 Daniel Nocera wa Marekani alionyesha kipande cha silikoni kilichopakwa madini ya bei nafuu ambacho, kikitumbukizwa majini juani, kinatoa povu la gesi hizo mbili. Magazeti yakashangilia. Lakini mpaka tunaandika, duka la Majengo halina kifaa hicho, wala la Berlin. Hidrojeni yake bado ni ghali kuliko inayopatikana kwa njia nyingine, na vifaa vya namna hiyo huchakaa.

Kuchakaa ni neno la kusimama nalo. Protini moja katika kiini cha Fotosistimu ya Pili huharibiwa na kazi yenyewe. Kwenye jua kali huvunjwa na kuwekwa mpya kwa muda wa kama nusu saa. Jani linajibomoa na kujijenga mchana kutwa ili liendelee kugawa maji. Hakuna fundi aliyeweza kutengeneza kitu kinachojifanyia ukarabati kila nusu saa kwa miezi mfululizo, kwa kutumia hewa na maji ya mvua. Mzee wetu wa mlangoni asihofu kwamba Mungu ananyang'anywa. Kadiri wataalamu wanavyojaribu kuiga, ndivyo hesabu zao zinavyoonyesha walivyo nyuma. Kuiga si kuumba. Mtoto akimwiga baba yake kushika jembe, baba haibiwi.

Hata hivyo swali lake lina upande ambao sisi tuliupuuza. Hofu ya kweli haiko kwa Mungu kunyang'anywa, bali kwa watu. Jani la mgomba halina hati miliki. La bandia litakuwa nayo. Siku litakapofanya kazi, litamilikiwa na mtu, na jua linalowaka Majengo bure litapita kwenye mashine ya kulipia. Tungependa Wakristo waanze kuuliza swali hilo sasa, wakati kifaa bado ni majaribio, kuliko baadaye tukiwa tumepanga foleni dukani.

Na mama wa mkaa? Ukweli ni kwamba jani la bandia si mshindani wake wa karibu. Mshindani wake ni mtungi wa gesi na umeme, na sera. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na serikali imezitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Jiko la seminari yetu limo ndani ya agizo hilo, na kila mwenye zamu jikoni anajua moshi unavyochoma macho. Tunaunga mkono agizo. Misitu ya mlima huu ndiyo inayonasa ukungu na kulisha mito inayoshuka Moshi na Pangani. Ukikata mti unakata maji, na moto wa Oktoba 2020 tuliutazama ukiwaka juu kule usiku kucha bila kuweza kitu. Lakini tumegundua kwamba katika mahubiri yetu yote ya mazingira hatujawahi kumtaja mtu ambaye ada ya mtoto wake inatoka kwenye gunia. Tunamwambia aache, kisha tunamwombea. Hilo ni pungufu. Kama parokia inaweza kuchangisha kwa ajili ya kengele, inaweza kuwakopesha akina mama kumi wa mkaa mtaji wa kuuza mitungi au majiko banifu, nao wakarejesha polepole. Tumeandika hivi tukijua kwamba wasomaji wengine wako kwenye halmashauri ya walei.

Tuje kwenye dai letu.

Kuna mawazo hapa seminarini, hayasemwi darasani lakini yanasemwa bwenini, kwamba kemia ni ya wale watakaoacha wito wakasomee udaktari. Ukionekana na kitabu cha kemia wakati wa falsafa, mwenzako anakuuliza kwa utani kama umeshaandika barua ya kuondoka. Tunaona utani huu una gharama. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko kabla ya kuingia seminari alikuwa amesomea ufundi wa kemia na kufanya kazi maabara. Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Tomaso wa Akwino na msimamizi wa wanasayansi, aliandika vitabu vizima juu ya mimea. Na kwenye mlima huu huu, wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka huko mambo yakabadilika: mashamba, chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, shule, mabati juu ya nyumba, na kusema kweli ada za wengi wetu. Kanisa lililoingiza mmea mpya Kilimanjaro haliwezi kusema leo kwamba mambo ya jani hayalihusu.

Tena mmea ule una somo lake. Asili ya kahawa ya arabika ni kivuli cha misitu ya Ethiopia. Ndiyo maana kwenye kihamba inakaa chini ya migomba na miringaringa. Likipigwa jua kuliko linavyoweza kulitumia, jani linajilinda: rangi nyingine za manjano, karotenoidi, hupokea nguvu ya ziada kutoka kwa klorofili na kuigeuza kuwa joto. Wingu likipita, jani linachelewa kuzima ulinzi huo, na kwa dakika kadhaa linapoteza mwanga ambao sasa lingeuhitaji. Jinsi klorofili inavyomkabidhi karotenoidi mzigo wake ni moja ya maswali yanayokokotolewa sana leo. Na si swali la anasa. Mwaka 2016 watafiti wa Illinois, wakianzia kwenye mifano ya kompyuta ya usanisinuru, walitengeneza tumbaku inayozima ulinzi huo haraka, ikakua zaidi kwa takriban asilimia 15. Tumbaku hatuhitaji. Lakini mtu anayetaka kujua mgomba ulioko juu ya kahawa uwe na nafasi gani, na ikiwa joto linapanda tuupunguze au tuuongeze, anauliza swali lilelile. Tungependa liulizwe na mtoto wa Uru au Marangu.

Na si kwamba hakuna wa kumfundisha. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamechapisha hesabu za molekuli za rangi kwa ajili ya seli za jua za aina ile iliyoanzishwa na O'Regan na Grätzel mwaka 1991, ambazo hupaka rangi juu ya titani oksaidi ili inase mwanga kama klorofili. Hao ni binamu wa karibu kabisa wa jani la bandia. Mwaka 2012 shule ya Kiafrika ya mbinu hizi za kukokotoa elektroni, ASESMA, ilifanyika Eldoret, Kenya. Kigali, tangu mwaka 2018, kuna taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki iliyo tawi la kituo cha Trieste alichokianzisha Abdus Salam. Programu kama Quantum ESPRESSO inapatikana bure, kwa halali, kwa yeyote mwenye kompyuta. Kwa sayansi inayohitaji mashine za mamilioni tumezoea kusema hatuwezi. Hapa inayohitajika ni kompyuta, muda, na mtu aliyeielewa hesabu.

Muda ndio tulionao. Chumba cha kompyuta cha seminari kina mashine ambazo, tangu Sala ya Kabla ya Kulala hadi baada ya Misa ya asubuhi, zimezimwa na mlango umefungwa. Likizo iliyopita tulipata ruhusa ya kujaribu moja. Molekuli ya maji ilikwisha kabla hatujarudi na viti. Tukapata kiburi. Tukaweka pete iliyoko katikati ya klorofili, bila mkia wake, magnesiamu ikiwa katikati: atomu 37 tu. Tulipokwenda kulala ilikuwa inahesabu. Usiku wa pili bado inahesabu. Usiku wa tatu umeme ukakatika, nasi hatukuwa tumeiagiza programu ihifadhi kazi kila baada ya muda. Tulianza upya. Safari ya pili ilimaliza, na umbali kati ya magnesiamu na nitrojeni ukatoka karibu na ule uliomo vitabuni. Si ugunduzi. Wanafunzi wa nchi nyingine hulifanya kama zoezi. Lakini mwenzetu mmoja ambaye hajawahi kuipenda kemia alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu akiuliza kwa nini namba zile zinashuka, na zinajuaje zisimame wapi.

Wapo walezi wenye mashaka, na baadhi ya mashaka yao ni ya haki. Ratiba yetu imejaa. Usiku ni wa kulala na kusali. Chumba cha kompyuta kikiachwa wazi, wote tunajua kwamba si wote watakaokwenda kukokotoa klorofili. Na yapo majivuno ya mtu aliyejua neno jipya; tumeyaonja wenyewe pale Majengo, tulipomtupia mama wa watu habari za jani la bandia bila kufikiri zitamfikaje. Lakini hatuombi chumba kiwe wazi. Mashine inahesabu yenyewe. Haihitaji mtu wa kukesha nayo. Tunaomba kompyuta mbili ziachwe zikiwaka usiku wa Ijumaa na Jumamosi, mlango ukiwa umefungwa, ufunguo ukiwa kwa Padre Bursa, na betri ndogo ya kuzilinda umeme ukikatika. Walimu wa kemia na wa hisabati wa seminari ndogo wamekubali kushirikiana nasi. Gharama ya umeme tumeikadiria na kuiambatanisha kwenye barua ya maombi.

Barua ilikwenda kwa Padre Gombera wiki mbili zilizopita. Majengo tunarudi Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, na safari hii tumemwomba mama wa mkaa azungumze kwanza.